Karatasi Ishirini na Moja za Kitanda cha Kumi na Saba

Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema, mtu asije akahangaika kutafuta mchawi.

Ilikuwa Novemba 2007, na Kerubo alikuwa amekatwa kidole tumbo katika hospitali moja ya serikali mjini Guangzhou. Kerubo ni Mkenya, mfanyabiashara wa Nairobi, mama wa maneno mengi na subira kidogo. Mimi ni Judica, Mtanzania, wakati huo mwaka wa nne wa udaktari kwa skolashipu, na kwa kuwa Kichina changu kilikuwa kimenyooka, kila Mswahili aliyeumwa jino mjini alikuwa na namba yangu ya simu. Nilikuwa nikilalamika kwamba wananichosha. Uongo mtupu. Nilikuwa napenda mno kusimama mbele ya watu wazima wenye makontena yao, wote wamenyamaza, wananisubiri mimi nifungue mdomo.

Hospitali za serikali kule zilikuwa na utaratibu usio na utani: pesa kwanza, sindano baadaye. Mkazi wa mji mwenye kadi ya bima ya mji alilipa sehemu yake tu, iliyobaki kadi ikamalizana na dirisha. Mgeni, hata awe na bima ya kampuni ya dhahabu, aliandikwa kwenye kundi la wanaojilipia. Anaweka amana, anatibiwa, siku ya kutoka wanapiga hesabu, wanamrudishia kilichozidi na kumpa fapiao, yaani risiti kamili yenye muhuri mwekundu. Kisha na fapiao yake aende akasumbuane na bima yake huko huko kwao.

Kerubo hilo hakulijua. Asubuhi ile ya Jumamosi nilipomfikisha dirishani amejikunja kwa maumivu, alichomoa karatasi ya bima kwenye mkoba kwa madaha kabisa.

"Waonyeshe hiyo, sis. Nina cover ya private. Imeandikwa worldwide."

Mhudumu wa dirisha namba sita, mwanamke mwenye miwani na mikono ya blauzi iliyovalishwa vifuko vya maua maua ili isichafuke, aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akainyanyua kwenye taa, akanirudishia.

"Nzuri," alisema. "Amana elfu nane."

Kerubo alizilipa, lakini yuan elfu nane hizo hazikuwa pesa za kukaa bure, zilikuwa za sweta. Kwa miaka sita Kerubo alikuwa akija Guangzhou kununulia watu wengine mizigo, akiambulia kamisheni. Safari hii ilikuwa ya kwanza kwa jina lake mwenyewe: sweta elfu moja za shule, rangi ya kijani, zilizoagizwa na shule za kwao Kisii, ambako baridi ya asubuhi haimwonei mtu haya. Alikuwa ameshatanguliza sehemu ya bei kwa laoban Chen, mwanamke mwenye karakana ya kushona kule mtaa wa Kangle. Laoban ni bosi, na huyu alikuwa bosi kweli kweli. Salio lilikuwa elfu nane na mia nne, mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni, na Jumamosi kontena lilikuwa linafungwa. Sweta zikilikosa kontena hilo zingefika shule zimefunguliwa, watoto wameshavikwa sweta za watu wengine, na Kerubo angerudi kwenye kamisheni zake, safari hii akiwa na deni.

"Kuugua ni kuugua," laoban alimwambia kwenye simu, mimi nikitafsiri, "lakini kitambaa nimeshakilipia. Ijumaa jioni pesa isipofika, yuko mnunuzi wa Kampala anazitaka."

Basi, kwetu mtu akilazwa watu huchanga. Na anayeshika pesa ya mchango husemwa mpaka anazikwa. Ilitosha kwamba mwaka mmoja nyuma kaka mmoja wa Dodoma alishika mchango wa msiba, akarudi na viatu vipya wiki ile ile. Viatu alitumiwa na dada yake, na risiti ya posta alikuwa nayo, lakini nani alimwamini? Mimi nikasema hapana. Mtoto wa Machame siendi kuitwa mwizi kwa ajili ya kidole tumbo cha mtu.

Ndipo nikatoa lile wazo. Jumapili nilisimama kanisani, na Waislamu nikawapelekea ujumbe wa simu: "Msinipe mimi pesa. Nendeni dirisha namba sita, tajeni kitanda cha kumi na saba, lipeni wenyewe, mpewe karatasi yenu, kisha mpande juu mkamsalimie mgonjwa." Pesa inatoka mkononi mwa mchangaji inaingia moja kwa moja hospitalini. Hakuna mshika fedha, hakuna viatu vipya. Watu walinisifu mpaka nikaona haya, ingawa si haya nyingi.

Wakaja kweli. Wafanyabiashara wa soko la Zhanqian walikuja wakitoka kwenye marobota yao ya nguo, wa mtaa wa Yide Lu wakitoka kwenye midoli na madaftari yao, wanafunzi wenzangu wakaja na yuan mia mia za kujinyima. Walisimama foleni dirishani wakipigana vikumbo kwa furaha, kila mmoja akapokea karatasi ya pinki ya amana, akapanda juu kumwambia Kerubo kwamba amekonda.

Ijumaa saa tatu asubuhi daktari alimruhusu. Muuguzi alishanionyesha bili ya siku kwa siku, nikapiga hesabu pale pale kando ya kitanda: ukitoa gharama zote, kilichozidi kingelipa sweta na chenji ingebaki. Nikashuka ngazi naimba.

"Kitanda cha kumi na saba, tunafunga hesabu," nikamwambia mhudumu, nikampa karatasi ya pinki ya Kerubo na yangu mimi.

Akabonyeza kompyuta. Akanitazama juu ya miwani.

"Amana zimewekwa mara ishirini na moja. Nataka karatasi ishirini na moja."

"Zote?"

"Zote. Kila amana na karatasi yake. Zisipotimia, hesabu haifungwi, pesa hairudi, fapiao haitoki."

"Lakini kompyuta yako si inaonyesha kwamba pesa iliingia?"

"Inaonyesha."

"Basi?"

"Bu xing," alisema, yaani haiwezekani, na alilisema bila ubaya wowote. "Aliyepoteza karatasi aje mwenyewe na pasipoti aandike maelezo. Dirisha linafungwa saa kumi na nusu. Halafu Jumatatu."

Karatasi ishirini na moja, mikononi mwa Waafrika waliotawanyika mji mzima, kwa sababu mimi Judica mwenye akili niliogopa kushika bahasha moja!

Nilipanda kumweleza Kerubo nikitegemea nitatukanwa, na ningestahili. Kerubo alianza kucheka. Alicheka huku ameshikilia mshono kwa mikono miwili, akilia "woi, woi, sis, usinichekeshe, nitapasuka," na mimi sikuwa nimesema jambo lolote la kuchekesha. Kisha akafungua droo. Wageni sita wenye adabu walikuwa wamemwachia karatasi zao humo. Sita na mbili, nane.

"Wangapi wamebaki?" akauliza.

"Kumi na watatu."

Kicheko kikamwisha. "Judi, hizo sweta nikizikosa, mimi nimeisha. Hata sikudanganyi."

"Hutazikosa," nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Sikujua chochote.

Nikatuma ujumbe kwa kila namba niliyokuwa nayo: KARATASI YA PINKI YA KERUBO ILETE HOSPITALI SASA HIVI. Mungu awabariki watu wale. Kufikia saa sita mchana walikuwa wamefika tisa, wengine wanahema, mmoja ana tambi za kuku mkononi, mama mmoja wa kwaya akaitoa karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo. Kila karatasi ilipopita chini ya kioo watu walipiga makofi. Mlinzi akaja kutunyamazisha, akaelezwa, akaondoka, akarudi kusimama karibu ili na yeye ajue mwisho wake. Kumi na saba.

Ussi, Mzanzibari tuliyekuwa darasa moja, alinipigia akinong'ona. Karatasi yake alikuwa ameifanya alama ya ukurasa kwenye kitabu cha dawa, na kitabu alikirudisha maktaba Alhamisi.

"Basi kakifuate!"

"Nshakifuata. Kachukua mtu mwengine. Yuko meza ya tatu, anakisoma."

"Ussi, mwombe karatasi yako!"

"Namwonea haya, Judica. Kasinzia juu yake."

Nilimwambia maneno ambayo mtoto wa mchungaji hapaswi kuyajua, nikakata simu. Dakika tano baadaye akanitumia ujumbe kwamba ameipata na kwamba yule msichana amemwitia mlinzi. Ussi nikamwachia Mungu na miguu yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa kwenye metro naelekea Zhanqian kwa Karanja. Karanja ni Mkenya, anakusanya mizigo ya watu wadogo wadogo na kuipanga kwenye kontena moja, safari hii lile lile la Jumamosi, na huwa hana daftari. Nilimkuta mlangoni pa jengo la nguo, amezungukwa na marobota.

"Ile receipt? Si niliandika CBM za watu nyuma yake," akasema, akaichomoa mfukoni. Nyuma ilikuwa imejaa vipimo vya mizigo, urefu, upana, majina, mishale. "Hii siwezi toa, Judi. Hii ni mizigo ya watu wanne. Nikipoteza hizi figures wananizika hapa China."

"Nakili mahali pengine."

"Wapi?"

Nikachukua kalamu yake, nikamshika mkono, nikamwandikia vipimo vyote kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Wauzaji walitoka madukani kututazama. Karanja alisimama amenyoosha mkono kama anayechanjwa, ananisahihisha. "Hiyo ni tatu, si nane. Wee, hiyo ni mitumba ya Mama Nakuru, iandike vizuri!" Nilipomaliza aliapa hatanawa mpaka Jumatatu, akanipa karatasi, kisha akabadili mawazo akafunga ofisi yake, yaani alikalia robota moja kidogo akafikiri, akainuka akasema anakuja hospitali na yeye. Hakutaka kupitwa.

Tukashuka pamoja mpaka Yide Lu kwa Othman. Othman wa Mombasa hununua midoli, na ana utaratibu wake ambao huwaeleza watu bila kuulizwa: kila karatasi hulala na mzigo wa siku yake. Risiti za Jumatatu zimo katika katoni za Jumatatu. Katoni za Jumatatu zilikuwa tatu, zimefungwa gundi tayari kwa safari, na ndani yake mlikuwa na bata wa plastiki wanaolia ukiwabana.

"Katoni ipi, kaka Othman?"

"Moja katika hizo, dada'ngu. Mie najua ni moja katika hizo."

Tukapasua. Mikono yetu mitano ikaingia kwenye bata, na bata wakaanza. Ukimshika analia, ukimwachia analia, ukimkanyaga ndiyo usiseme. Wateja wa maduka ya jirani walikusanyika. Mwenye duka alikuja kupiga kelele lakini kelele zake hazikusikika. Karanja alikuwa amenyanyua mkono wake wenye vipimo juu juu usifutike, anachimba kwa mkono mmoja, anacheka mpaka machozi. Othman peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu bata wake waliotoka ili wote warudi.

Karatasi ilikuwa katoni ya tatu, chini kabisa, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni.

"Umeona?" Othman akasema. "Utaratibu."

Saa kumi kasoro dakika kumi tuliingia hospitali tukikimbia. Ussi alikuwa ameshafika, shati limetoka nje, karatasi mkononi, hajakamatwa. Ukumbi wa chini ulikuwa umejaa watu wetu. Hakuna aliyeondoka tangu mchana. Kerubo mwenyewe alikuwa ameteremshwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa koti juu ya nguo za hospitali, mkoba mapajani.

Mhudumu akahesabu. Sasa na yeye alikuwa anahesabu kwa sauti, na wale waliojua namba za Kichina wakamwitikia.

"Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini."

Akangoja. Na sisi tukangoja.

"Ishirini na moja iko wapi?"

Tulitazamana. Niliorodhesha majina yote, kila mtu akaitika. Wote walikuwepo, wote wametoa. Nikamwomba mhudumu atusomee iliyobaki.

"Yuan mia mbili. Jumatatu, saa tisa na dakika kumi na mbili mchana. Jina la mlipaji hatuandiki, tunaandika la mgonjwa tu."

"Jumatatu mchana mimi nililala tu," Kerubo akasema. "Hakuna mtu niliona. Othman alikuja akaniacha nimelala."

Karatasi ya Othman ilikuwa ya saa tisa na dakika kumi. Tukamgeukia wote.

"Kaka Othman, nyuma yako kwenye foleni alikuwa nani?"

Akafikiri, amefumba macho. "Nyuma yangu? Wallahi hapakuwa na mtu. Yaani hapakuwa na mtu wetu. Hata Mwafrika mmoja."

Saa kumi na dakika kumi na tano. Mhudumu akaanza kupanga mihuri yake. Nikamsihi. Nilimwambia habari za sweta, za kontena, za Kisii na baridi yake, nikamwambia kosa ni langu mimi na wala si la mgonjwa. Alinisikiliza kwa huruma kabisa, macho yakalegea nyuma ya miwani, kisha akasema bu xing. Kerubo alikuwa anaukunjua na kuukunja mkanda wa mkoba wake. Nilitamani anitukane.

Hapo ndipo mlango wa ukumbi uliposukumwa kwa kishindo akaingia laoban Chen.

Alikuwa mfupi, nyuzi za kijani zimemng'ang'ania kwenye suruali, na alikuwa amekasirika kabla hajafika. Simu ya Kerubo ilikuwa imezimika tangu asubuhi, akaamua kuifuata pesa yake kwa miguu yake. Alikuja moja kwa moja, akatuona tumejazana dirisha namba sita, akasimama ghafla. Akaukumbatia mkoba wake kifuani.

"Silipi tena!" akapiga kelele.

Nikadhani sikumwelewa. "Laoban, hulipi nini?"

"Jumatatu nimeshalipa! Nilikuja kumwona huyu kama anaumwa kweli, kwa sababu wanunuzi huumwa sana siku ya salio. Nikauliza kitanda cha kumi na saba. Yule," akamnyooshea kidole Othman, "akaniambia, rafiki, pesa, hapa. Nikaona mbele yangu kila mtu analipa ndipo anapanda. Nikalipa mia mbili! Mia mbili kumwona mgonjwa! Napanda, mgonjwa amelala! Hospitali gani hii inatoza kiingilio? Leo silipi hata yuan moja, risiti yangu ninayo!"

Na akaichomoa. Ya pinki. Haikukunjwa hata kidogo. Ilikuwa ndani ya bahasha yake ya plastiki pamoja na kila karatasi yenye muhuri aliyowahi kupewa maishani mwake.

Sijui nani alianza. Nadhani ni Karanja aliyepiga ukelele, kisha mama wa kwaya akapiga vigelegele, kisha ukumbi mzima wa hospitali ya serikali ukalipuka, wagonjwa Wachina wenye dripu zao wamesimama kututazama. Ussi alimkumbatia mlinzi. Nilimshika laoban mikono yote miwili nikamwambia "karatasi, karatasi, tafadhali," naye akadhani tumepatwa na wazimu sote, akanipa ili nimwachie.

Mhudumu aliipokea chini ya kioo.

"Ishirini na moja," alisema. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili. Kisha akapiga mihuri, pa, pa, pa, na sijawahi kusikia ngoma tamu kama ile.

Gharama: elfu tisa mia tatu na kumi na mbili, na mao nne, yaani vile visenti vyao. Amana zote: elfu kumi na saba na mia tisa. Fapiao ikatoka, nyeupe, ndefu, muhuri mwekundu bado unang'aa, jina moja tu juu yake: Kerubo. Nayo pesa iliyozidi, elfu nane mia tano themanini na saba na mao sita. Kerubo aliinusa ile fapiao. "Bima walipe wakitaka, wakatae wakitaka," akasema, "lakini hii nitaiwekea frame." Kisha akanipa zile pesa.

Nilimhesabia laoban pale pale elfu nane na mia nne zake. Akazihesabu yeye, mara mbili, akazinyanyua kwenye taa moja moja. Akaitikia kwa kichwa: sawa. Sweta zingelala usiku huo kwenye kontena la Karanja.

Mkononi nilibakiwa na mia moja themanini na saba na mao sita. Nikamwelezea laoban. Nikamwambia haikuwa kiingilio. Nikamwambia kwetu mtu akilazwa, wenzake wanamlipia kidogo kidogo, kila mtu alichonacho, na kwamba Othman alidhani anauliza dirisha la malipo tu. Nikamwomba radhi, nikampa zote zilizobaki, nikaahidi kuongezea zilizopungua kutoka mfukoni kwangu.

Alizishika. Akawatazama watu mle ukumbini.

"Na hawa? Mbona hawapangi foleni kuchukua zao?"

"Hawachukui, laoban. Mchango haurudishwi."

"Hata bima ikimlipa?"

Hilo nililitafsiri kwa sauti. Kerubo akasema haraka kwamba bima ikilipa atarudisha ya kila mtu, ameshaandika majina. Watu wakamzomea. Othman akamwambia asiwatukane. Mama wa kwaya akamwambia anunulie sweta nyingine mia. Sikuhitaji kutafsiri, laoban aliona nyuso.

Laoban akainama, akazitia zile pesa kwenye mkoba wa Kerubo, akaufunga zipu mwenyewe, kwa nguvu, kama anayemkaripia.

"Muulize huyu," akaniambia. "Mwezi uliopita alikaa karakanani kwangu saa mbili nzima, amekataa chai, amekataa kiti, ananibana nipunguze nusu yuan kwa kila sweta. Nusu yuan! Nikasema hawa watu mioyo yao ni mawe." Akauvuta mkanda wa koti la Kerubo akamfunga vizuri, maana lilikuwa limeachia. "Sasa nimejua hizo nusu yuan huwa zinakwenda wapi."

Nilimtafsiria Kerubo. Katikati ya tafsiri sauti ilinikatika, nikaanza upya. Kerubo alimshika laoban mkono hakuuachia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na wakati huo huo kicheko kilikuwa kinampanda, nikaona mkono wa pili unakimbilia mshono.

"Mwambie asante," akasema. "Mwambie Mungu ambariki yeye na mashine zake. Na mwambie, kwa sababu tumeelewana, oda ya Mei anitolee nusu yuan nyingine."

Nikamwambia.

"Bu xing!" alisema laoban Chen, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa sababu neno hilo hata aliyefika Guangzhou jana alikuwa analijua.